Supu ya seli kwenye slaidi: mwongozo wa maikroarei ya protini kwa anayeanza

Kila kundi la vijana wa mafunzo kwa vitendo likifika maabara hapa Bagamoyo, swali la kwanza ni lile lile: "Mashine ya kuchapa iko wapi?" Naielewa hamu yao. Kuona sindano zikidonoa slaidi kama kuku wanaodonoa mtama, mamia ya vidoa kwa dakika chache, kunapendeza. Lakini mashine haijawahi kuninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni zile sekunde chache kabla seli hazijapasuliwa, na kingamwili (protini inayoshika kitu kimoja maalumu) iliyonunuliwa kwa pesa nyingi bila mtu kuipima. Nimeandika hatua zote hapa kama ninavyowaelekeza wao, ili ukija tuanzie mbele kidogo.

Kwa ufupi, tunafanya nini

Seli T ya kinga ikiguswa na kitu inachokitambua, habari husafiri kutoka ngozi ya seli hadi kwenye kiini chake kwa kupokezana. Protini moja inabandikwa fosfati, inaamka, nayo inakwenda kuibandika nyingine. Vipo vimeng'enya vya kubandika na vipo vya kubandua, na vyote viko kazini muda wote. Protini iitwayo ZAP-70 huamka ndani ya dakika moja au mbili, nyingine iitwayo ERK hufuata, na mara nyingi dakika ya tano ERK iko kileleni.

Sisi tunazipasua seli katika dakika tuliyoichagua, tunapata supu, tunaichapa supu hiyo kwa vidoa visivyofika milimita moja juu ya slaidi ya kioo iliyopakwa nitroselulosi. Kila slaidi inaulizwa swali moja kwa kingamwili moja: ERK yenye fosfati iko kiasi gani katika kila kidoa? Aina hii huitwa ya kinyume, kwa sababu sampuli ndiyo inayokaa kwenye slaidi na kingamwili ndiyo inayoletwa. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, na mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha inavyoweza kufuatilia mawasiliano ndani ya seli T.

Kwa nini tusitumie westani, ile ya kutenganisha protini kwenye jeli? Kwa sababu ya damu. Westani moja hula mikrogramu 10 hadi 20 kwa kila mstari, nawe una maswali ishirini. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilipojaribiwa awamu ya tatu kuanzia 2009, Bagamoyo na Korogwe vilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7, na waliochanjwa walikuwa watoto wadogo. Mtoto huyo huwezi kumtoa damu ya kujaza chupa ya soda. Kidoa kimoja kwenye slaidi kinahitaji nanolita chache tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kibali cha maadili. Damu ya binadamu haiguswi bila kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na cha kamati ya taasisi yako. Kama sampuli zitavuka mpaka, andaa pia makubaliano ya kuhamisha sampuli. Anza miezi kadhaa kabla, usije ukaagiza vitendanishi vikaozea kwenye friza ukisubiri barua.
- Mirija ya damu yenye heparini (kifuniko cha kijani). EDTA, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, hukamata kalsiamu, na seli T hupeleka habari zake kwa kalsiamu. Unaweza kuiosha, ila ya nini kujitafutia kazi.
- Ficoll ya uzito 1.077 (kimiminika cha kutenganishia seli za damu), RPMI isiyo na seramu (maji ya lishe ya seli), na HBSS yenye kalsiamu na magnesiamu (maji ya chumvi ya seli).
- Kifurushi cha sumaku cha kutenga seli T kwa njia ya kuondoa zisizotakiwa.
- Kingamwili za panya dhidi ya CD3 na CD28 (protini za juu ya seli T) za kuchochea, na ya mbuzi dhidi ya panya ya kuzifunga pamoja.
- Bafa ya kupasua yenye nguvu maradufu: SDS (sabuni kali) asilimia 2, Tris, gliseroli, floraidi ya sodiamu, othovanadati ya sodiamu, na vizuizi vya vimeng'enya vinavyokata protini.
- Slaidi za nitroselulosi na sahani ya vishimo 384.
- Kingamwili za kugundulia, zote za sungura. Nitaeleza kwa nini.
- Seli za Jurkat (seli T za saratani zinazokuzwa maabara) za kulinganishia.
- Kipima unyevu cha chumba, silika jeli kwa wingi, saa ya kuhesabu sekunde, na umeme wa akiba wa friza.

Neno moja juu ya othovanadati, maana watu huimimina tu kutoka kwenye kopo. Hii ndiyo inayofunga mikono vimeng'enya vya kubandua fosfati, na isipoamshwa haifungi kitu. Yeyusha, rekebisha pH iwe 10, utaona rangi ya njano. Chemsha mpaka maji yawe meupe kabisa, poza, pima pH tena, njano ikirudi chemsha tena. Ukiona imebaki bila rangi na pH imetulia, gawa kwenye vijirija na ugandishe. Kijirija kilichogeuka njano siku ya kazi, rudi nacho jikoni.

Hatua

1. Pima kingamwili zako kabla ya yote

Hapa ndipo kazi inapofia, na ndipo wengi wanaporuka. Westani inakuonyesha ukubwa wa protini, kwa hiyo kingamwili ikishika kitu kingine utaona mstari mahali pasipo pake. Slaidi haijui ukubwa. Kila kilichoshikwa, halali na haramu, kinang'aa katika kidoa kimoja.

Kwa hiyo kila kingamwili ipite kwanza kwenye westani kwa supu ya aina ile ile ya seli utakazochapa, zilizochochewa na zisizochochewa. ERK yenye fosfati itoe mistari miwili tu, kilodaltoni 44 na 42. Protini nyingine tunazozifuatilia: S6 ikae 32 hivi, Akt 60 hivi, ZAP-70 kwenye 70. Isitoshe, mstari uwe mzito kwa seli zilizochochewa na mwepesi kwa zilizolala. Kingamwili yenye mistari ya ziada, hata kama ule unaoutaka ndio mzito kuliko yote, weka kando. Usiionee huruma kwa sababu ya bei. Na kila kopo jipya lenye namba tofauti ya toleo, lipime upya.

2. Chora ramani ya slaidi

Chora kwa penseli kwenye karatasi, kabla ya damu. Mfano wangu wa kawaida: wachangiaji damu 6, nyakati 5 kila mmoja (dakika 0, 2, 5, 15, 30), hizo ni supu 30. Kila supu iwe na ngazi nne za nguvu, kila moja nusu ya iliyotangulia, yaani nzima, nusu, robo, na thumni: vishimo 120. Kila kishimo kichapwe mara tatu: vidoa 360. Ongeza Jurkat zilizochochewa, Jurkat zilizolala, na bafa tupu, kwenye pembe mbili zinazokabiliana.

Slaidi ngapi? Moja kwa kila kingamwili, moja ya kingamwili ya pili peke yake (ile yenye rangi, inayoishika ya kwanza), moja ya kupima protini yote, na tatu za akiba. Akiba utazitumia, usijidanganye.

3. Damu mpaka seli T

Mililita 15 hadi 20 za mtu mzima zinatosha kwa nyakati tano. Kwa mtoto, punguza nyakati badala ya kuongeza damu. Damu ikae kwenye joto la kawaida la chumba, isiwekwe kwenye barafu, na ianze kushughulikiwa ndani ya saa chache. Ikitoka mbali, andika saa ilipotolewa na saa ulipoanza, na wachangiaji wote wawe na muda unaokaribiana.

Tandaza damu iliyopunguzwa juu ya Ficoll taratibu, zungusha bila breki, kusanya utando mweupe katikati, osha mara mbili. Kisha tenga seli T kwa sumaku.

Onyo: tumia kifurushi kinachokamata seli nyingine na kuziacha seli T bila kuguswa. Kile kinachozishika kwa CD3 kinabisha hodi kwenye mlango ule ule unaotaka kuuchunguza. Dakika yako ya sifuri itakuwa si sifuri tena.

4. Zipumzishe

Saa 1 hadi 2, nyuzi 37, kwenye RPMI isiyo na seramu. Zimezungushwa, zimeoshwa, zimepitishwa kwenye sumaku, zina kelele. Seli zilizotoka kwenye nitrojeni zipumzishwe usiku kucha, na kwa hizo weka seramu, uitoe saa mbili za mwisho.

5. Chochea, na usimamishe kwa wakati

Hamishia seli kwenye HBSS ya uvuguvugu, milioni 1 kwa mikrolita 25 kwa kila kijirija. HBSS haina protini, kwa hiyo utakachopima baadaye ni protini ya seli na si ya bafa.

Weka kingamwili za CD3 na CD28, kisha ile ya mbuzi inayozifunga. Saa inaanza kuhesabu inapoingia hii ya pili. Kijirija cha dakika sifuri nacho kipitie mkono ule ule, kiwekewe HBSS tupu, kwa sababu kuguswaguswa peke yake huziamsha seli.

Usianze na kijirija cha dakika 2. Anza na kirefu, ili vyote viishie karibu pamoja. Mimi naacha sekunde 20 kati ya kijirija na kijirija:

- cha 30 kinaanza 0:00, kinasimama 30:00
- cha 15 kinaanza 15:20, kinasimama 30:20
- cha 5 kinaanza 25:40, kinasimama 30:40
- cha 2 kinaanza 29:00, kinasimama 31:00
- cha sifuri kinasimama 31:20

Bandika karatasi hii ukutani mbele ya macho yako. Kusimamisha maana yake ni kumimina mikrolita 25 za bafa ya kupasua moja kwa moja juu ya seli, kuchanganya, na kupeleka kijirija kwenye nyuzi 95 kwa dakika 5. Usizioshe kwanza. Usizizungushe kwanza. Nimeshaona mtu anamimina maji baridi, anazungusha dakika tano, anamwaga, ndipo anapasua, halafu anaandika "dakika 2" kwenye kijirija. Hiyo ni dakika ya nane au tisa, na vimeng'enya vya kubandua vilikuwa vinakula mshahara muda wote huo.

Nisimseme mwenzangu tu. Nami niliwahi kuitwa getini kupokea barafu kavu nikiwa na vijirija kwenye joto. Nilirudi nikihema, nikasimamisha cha dakika 5 kikiwa kimefika tisa, nikanyamaza. Wiki tatu baadaye nilikuwa naandika kwa furaha kwamba mchangiaji huyu ERK yake inashuka mapema kuliko ya wenzake. Siku hiyo simu izimwe, na barafu kavu ipokelewe na mtu mwingine.

Onyo: supu yenye SDS isiwekwe kwenye barafu. Itaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, na vipande hivyo vitaziba sindano. Iache kwenye joto la chumba mpaka umalize, kisha igandishe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

6. Vunja mlenda, pima, sawazisha

Ukipasua seli kwa SDS, DNA nayo inamwagika. Chovya ncha ya pipeti uivute juu: ukiona uzi unafuata kama mlenda, supu hiyo haichapiki. Ipitishe kwenye sindano nyembamba mara kumi au ipige kwa mawimbi ya sauti mpaka idondoke tone kwa tone kama maji.

Pima protini kwa njia ya BCA, ambayo inavumilia SDS, Bradford haivumilii. Beta-merkaptoethanoli huiharibu BCA, kwa hiyo ongeza asilimia 2.5 baada ya kupima, halafu chemsha tena. Seli T zilizolala ni ndogo, usishangae ukipata nusu mikrogramu tu kwa mikrolita. Zisawazishe zote zishuke kwenye kiwango cha aliye dhaifu kuliko wote, na upunguze kwa bafa ile ile ya kupasua iliyochanganywa nusu kwa nusu na HBSS, kama ilivyo kwenye supu, si kwa maji. Kidoa chenye SDS kidogo hukauka na umbo tofauti, na mashine ya kusoma itaona tofauti ambayo si ya seli.

7. Kuchapa, na habari ya bahari

Sisi wa pwani tuna tatizo ambalo miongozo ya wazungu hailitaji. Unyevu. Wao wanahangaika kuongeza unyevu chumbani. Sisi madirisha yanatazama Bahari ya Hindi. Lenga asilimia 40 hadi 60. Masika ukiacha mlango wazi, kipima unyevu kinapita 80, kidoa hakikauki, kinatambaa na kumwamkia jirani. Kiyoyozi kiwashwe saa mbili kabla ya kazi, mlango ufungwe, na watu wawe wawili tu ndani, maana hata pumzi zetu ni maji.

Chapa kuanzia supu dhaifu kwenda nzito katika kila safu, na sindano zioshwe kati ya sampuli na sampuli. Tazama slaidi ya kwanza kwa hadubini kabla ya kuruhusu nyingine. Zikikauka, ziweke kwenye kisanduku chenye silika jeli, funga mfuko, nyuzi 20 chini ya sifuri. Ukija kuzitoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba. Ukiufungua ungali baridi, umande utatua juu ya vidoa kama unavyotua kwenye chupa ya maji ya dukani.

Kama huna mashine, vichapio vya mkono vipo na vinatosha kwa kujifunza. Vidoa vitakuwa vichache na vikubwa. Hatua nyingine zote ni zile zile.

8. Kingamwili

Ziba nafasi tupu za slaidi kwa BSA (protini ya damu ya ng'ombe) asilimia 5 kwa saa 1. Maziwa ya unga nayaepuka kwa sababu kasini yake imejaa fosfati. Wapo wanaotumia kasini iliyosafishwa na wanapata picha nzuri, sina ugomvi nao. Kingamwili ya kwanza usiku kucha kwenye nyuzi 4, ikitikiswa polepole. Osha mara tatu kwa dakika 5. Kisha kingamwili ya pili dhidi ya sungura, yenye rangi ya infraredi, saa 1 gizani. Osha, kausha kwa kuzungusha, soma. Nachagua infraredi kwa sababu nitroselulosi yenyewe hung'aa kwenye mwanga wa kijani na kukupa ukungu.

Sasa ile habari ya sungura. Ulichochea seli kwa kingamwili za panya, na hukuosha. Kwa hiyo ndani ya supu mna kingamwili za panya, tena nyingi, na ziko kwenye vijirija vilivyochochewa tu. Ukigundua kwa kingamwili ya panya na ya pili dhidi ya panya, vidoa vyote vilivyochochewa vitawaka kama taa za harusi, na ile ya sifuri itabaki giza. Ni picha nzuri kuliko zote utakazowahi kuziona, na ni uongo mtupu. Tumia sungura peke yake, na ya pili iwe imechujwa isishike panya wala binadamu.

9. Soma na uhesabu

Soma slaidi kwa mwanga hafifu kwanza. Kidoa kilichojaa kupita kiasi hakina habari, na hakuna hesabu ya kukiokoa. Toa mwanga wa pembeni, chukua thamani ya katikati ya vidoa vitatu, chora ngazi ya supu nne: ukipunguza kwa nusu, mwanga nao ushuke kwa karibu nusu. Tumia sehemu iliyonyooka tu. Gawa kwa protini yote kutoka slaidi iliyopakwa Sypro Ruby (rangi inayoshika kila protini), kisha linganisha na dakika ya sifuri ya mchangiaji yule yule. Usimlinganishe mtu na mtu kabla hujamlinganisha na nafsi yake.

Mambo yakienda kombo

Vidoa vina umbo la pete, katikati pakavu. Chumba kilikauka sana au protini ni kidogo. Kama pete ziko kwenye thumni tu, ondoa thumni kwenye hesabu uendelee.

Vidoa vimeungana. Unyevu. Slaidi hizo ni za kujifunzia kupaka kingamwili, usizihesabu.

Mkia kama wa nyota unatoka kwenye kidoa baada ya kuosha. Supu ilikuwa nzito mno, au hukuziba vizuri kabla ya kingamwili.

Slaidi ya kingamwili ya pili peke yake inawaka. Kuna IgG (aina ya kingamwili) ndani ya supu. Kama inawaka kwa wote, huenda seli B au plazima zilibaki. Rudi hatua ya 3. Kama inawaka kwa zilizochochewa tu, ni ile hadithi ya panya.

Hakuna kinachopanda baada ya kuchochea, hata ERK. Tazama Jurkat zako kwanza. Kama zimeitikia, tatizo liko kwa seli za mchangiaji au muda wa damu njiani. Kama nazo zimelala, tazama rangi ya othovanadati, kisha uliza kama kingamwili ya mbuzi iliwekwa kweli.

Akt inawaka kwenye Jurkat zilizolala. Haijaharibika kitu. Jurkat hazina PTEN, breki ya njia hiyo, kwa hiyo Akt yao iko macho usiku na mchana. Kwa Akt tumia seli T za mtu mzima mwenye afya kuwa kipimo, si Jurkat.

Dakika ya sifuri iko juu kwa mchangiaji mmoja tu. Kabla hujaandika kwamba ana ugonjwa, fungua daftari uone damu yake ilifika saa ngapi na nani aliishika.